Wiki ya tatu ya kambi na vijana wamepoa: ratiba, ziwa na bega la mkono wa mbele

KonaYaBuluu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba majibu ya kitaalamu, ya kupeana moyo tunayo ya kutosha huku.

Kundi ni vijana 8, miaka 18 hadi 26, kilo 54 hadi 75. Sita ni wa ngumi za ridhaa, wawili kickboxing. Kambi iko Mabatini, Mwanza, na zimebaki wiki 5 tupande ulingoni. Ratiba ni Jumatatu hadi Jumamosi na haibadiliki. Alfajiri saa 11 na nusu ni mbio dakika 50, humo ndani kuna kupanda mlima mara 4. Jioni saa 11 ni kamba raundi 5, kivuli (kupiga ngumi hewani) raundi 3, begi raundi 8, pushapu 200, tumbo 300. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi begi linapungua, inaingia sparingi (kupigana wao kwa wao kwa mazoezi). Jioni inakula kama dakika 110. Jumapili ni mapumziko, ingawa wengi wao wanaimaliza kwenye mpira.

Dalili ni hizi: mikono mizito kuanzia raundi ya pili, usingizi wa kukatikakatika, hasira za karibu. Watano wanalalamika bega la mkono wa mbele. Watatu wanaumwa muundi upande wa ndani. Wawili kati ya wote hubeba kreti za samaki mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, usiku. Wakimaliza jioni hushuka ziwani kujiloweka nusu saa, wanasema misuli inalegea.

Nipunguze nini bila pumzi kushuka? Ziwa linasaidia au linadanganya? Bega na muundi vinashughulikiwaje bila kuvunja kambi? Na chakula kiweje, maana hela ya unga wa protini wa kopo haipo, kilichopo ni cha sokoni.

---

PigoNaPumzi

Kocha, kabla ya kupunguza chochote weka hesabu mezani. Nusu saa baada ya kila zoezi muulize kijana peke yake, wenzake wasisikie: ugumu ulikuwa ngapi, kati ya 0 na 10? Zidisha jibu kwa dakika za zoezi. Hiyo ndiyo mizigo ya siku.

Kwa ratiba yako, mbio za dakika 50 zenye mlima mtu atazipa 6, hiyo 300. Jioni dakika 110 kwa 7 ni 770. Siku moja 1,070, mara siku 6 ni 6,420. Namba kubwa, lakini mimi kinachonitisha zaidi ni kwamba Jumatatu ni 1,070 na Ijumaa ni 1,070. Mwili haujengwi wakati wa kupiga begi. Unabomolewa pale, unajengwa baadaye ukilala na kula. Siku zikifanana zote, ujenzi haupati nafasi, na matokeo yake zoezi gumu linakuwa gumu nusu na zoezi jepesi linakuwa gumu nusu. Kijana hachoki vizuri wala hapumziki vizuri.

Wiki ijayo jaribu hivi. Jumatatu alfajiri mbio laini dakika 45 kwa ugumu wa 3 (135), jioni ufundi na nguvu dakika 90 kwa 6 (540). Jumanne alfajiri walale, jioni sparingi dakika 100 kwa 8 (800). Jumatano mbio laini dakika 40 (120) na jioni pedi (zile anazoshika kocha zipigwe) na kivuli dakika 60 kwa 4 (240). Alhamisi ndiyo siku ya mlima: dakika 35 kwa 7 (245), jioni begi kali dakika 90 kwa 7 (630). Ijumaa dakika 45 tu za kivuli na viungo kwa 3 (135). Jumamosi sparingi, 800. Jumapili mpira marufuku. Jumla 3,645.

Sparingi imeshuka kutoka tatu hadi mbili, mlima kutoka siku sita hadi moja. Wiki tatu zinazofuata panda polepole hadi 4,200 hivi, usipite hapo. Wiki ya mwisho kata dakika kwa nusu ila kasi ibaki ileile: raundi za begi 4 badala ya 8, lakini zipigwe kwa moto wa pambano. Ukipunguza kasi pia, wanapanda ulingoni wamelala.

Mbio laini maana yake kijana anaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema katikati. Kwa kipimo cha mapigo, chukua 208 utoe umri mara 0.7. Wa miaka 24 anapata kilele cha 191, na laini ni asilimia 60 hadi 70 ya hapo, yaani 115 hadi 134. Kwa Mwanza hii inamlazimu kutafuta njia tambarare. Ukimtoa Mabatini kuelekea mlimani huwezi kumweka kwenye 130 hata akienda kwa kutambaa. Mpeleke Barabara ya Makongoro alfajiri kabla ya daladala kuchangamka.

Kitu cha pili ni mapigo ya asubuhi. Akiamka, kabla hajakaa kitandani wala kushika simu, aweke vidole viwili (kidole gumba kina mapigo yake, kitamdanganya) chini ya kifundo cha mkono upande wa gumba, ahesabu sekunde 60 kamili. Asihesabu 15 kisha azidishe kwa 4, kosa la pigo moja linakuwa kosa la manne. Aandike siku 7, apate wastani wake. Siku mbili mfululizo zikipanda mapigo 7 au zaidi juu ya wastani na usingizi ulikuwa mbovu, siku hiyo ni ya ugumu 3, hata kama ratiba inasema sparingi.

Ila sikia. Huku kwetu, mapigo kupanda na mwili kuvunjika si lazima iwe ratiba. Mpime malaria kwanza. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20, na ni aibu kumbadilishia mtu programu nzima kumbe ana vimelea.

---

Mzee_wa_Ulingo

Mnawadekeza. Mabondia wa zamani walikimbia mlima kila siku, wakala ugali, wakapiga raundi 12. Sasa mtu anahesabu mapigo kitandani kama mgonjwa.

---

PigoNaPumzi

Mzee wangu, shikamoo. Wa zamani waliobaki unawaona, walioachia njiani kwa magoti huwaoni. Halafu hawa wa kocha wanapiga ngumi za ridhaa, raundi 3 za dakika 3. Pambano zima ni dakika 9 za kazi. Mlima kila siku unawaandaa kwa mchezo mwingine. Na adhabu ya mlima iko kwenye kushuka, kupanda kuna nafuu. Unaposhuka, msuli wa paja unafanya breki huku unarefuka, na ndiyo kazi inayochana nyuzi ndogondogo. Maumivu yake hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo mlima wa Jumatatu unaudai mguu Jumatano. Wakipanda mbio, washuke kwa kutembea.

Na lile neno la "asidi imejaa kwenye misuli" tuliache. Asidi ya lakti huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi. Maumivu ya kesho yake ni mchaniko na uvimbe mdogo wa ndani, ndiyo maana kukanda kwa nguvu mtu akilia hakuyatoi, kunaongeza.

---

Matete

Nijibu la ziwa, kwa sababu hapo pana mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza, baridi. Wanaojiloweka kwenye barafu hutumia maji ya nyuzi 10 hadi 15, dakika 10 hadi 15. Ziwa Viktoria upande wetu huu maji yake ya juu yanacheza kwenye nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima. Hayo si maji baridi kwa maana hiyo. Nafuu wanayoisikia vijana inatokana na ngozi kupoa, uzito wa mwili kubebwa na maji, na mgandamizo wa maji kwenye miguu. Ni nafuu ya kweli, lakini hata kulala chali miguu ukutani dakika 10 halafu kuoga kwa ndoo kunaileta.

La pili, kichocho. Kichocho cha huku ni cha tumbo, na mdudu wake hana haja ya kidonda wala ya maji kumezwa. Anatoka kwa konokono, anaogelea, anatoboa ngozi nzima ndani ya dakika chache. Konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete kando ya mwambao, yaani palepale ambapo mtu anayejiloweka hupenda kukaa kwa sababu hapana mawimbi. Wadudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana hivi. Jioni wanapungua, hawaishi. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Kocha, hapa ndipo linapogusa swali lako. Kichocho kikikaa muda mrefu kinaleta tumbo kuuma, choo chenye damu, upungufu wa damu na uchovu usioelezeka. Bondia mwenye damu pungufu atakuwa na mikono mizito raundi ya pili hata ukimpa ratiba ya malaika. Wapeleke wote 8 wapimwe choo na damu. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo mikubwa na kuwaacha wachanga, kwa hiyo aliyeacha ziwa leo akanywa dawa kesho anaweza kubaki nao. Kipimo na dawa vinafaa zaidi wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji mara ya mwisho. Na ukimtibu kisha akarudi ziwani jioni ileile, umetupa dawa.

Ukitaka baridi ya kweli, tafuta pipa la lita 200, weka lita 120 za maji ya bomba. Kama maji yametoka ziwani, yakae kwenye pipa lililofunikwa saa 48 bila konokono ndani, wadudu watakuwa wamekufa. Kushusha lita 120 kutoka nyuzi 25 hadi 14 kunahitaji barafu kilo 14 kwa hesabu, lakini jioni ya Mwanza na pipa la bati lililopigwa jua andaa 18. Barafu ya samaki itapoza, ila mtu mwenye mchubuko asiingie humo. Maji yaishie kiunoni kwa mara za kwanza, dakika 10, na mtu wa pili asimame pembeni.

Pamoja na hayo, usilitumie kila siku. Baridi baada ya zoezi la nguvu inapunguza ujenzi wa msuli, na hilo limepimwa. Liwekee siku ya mashindano, kijana akiwa na pambano leo na lingine kesho. Kwenye kambi ya kawaida hizo hela nunua mayai.

---

FiziaWaNyegezi

Mabega matano kati ya manane, yote ya mkono wa mbele? Hapo kuna kitu kimoja kinachowaumiza wote, na nadhani kiko kwenye maelezo yako tayari. Hesabu mara wanazosukuma kwa siku: pushapu 200, ngumi za begi raundi 8, kivuli raundi 3. Sasa hesabu mara wanazovuta. Sifuri. Kifua kinakaza, bega linavutwa mbele, mfupa wa bega nyuma unapoteza breki. Jabu, yaani ngumi ya mkono wa mbele, inatoka vizuri, inarudi ikining'inia, na kila ikirudi hivyo kano za bega zinasuguliwa.

Pushapu ziwe 60, seti 4 za 15, juu mikono ikinyooka sukuma sentimeta mbili za ziada mpaka mgongo wa juu uumuke kidogo. Kuvuta kuwe mara mbili yake, yaani 120. Kifaa ni tyubu ya baiskeli. Ikate pale penye valvu, valvu uitupe, upate mkanda mmoja mrefu. Ufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kitovu. Zoezi la kwanza: shika ncha mbili, rudi nyuma hatua mpaka tyubu ikaze, vuta viwiko nyuma vikipita mbavu, shikilia sekunde 2, rudisha kwa sekunde 3. Seti 4 za 20. La pili: simama ubavu ukielekea dirisha, kiwiko cha mkono wa mbali kimebana taulo lililokunjwa ubavuni, kimekunjwa nyuzi 90, zungusha ngumi kwenda nje bila taulo kudondoka. Seti 2 za 20 kila mkono, na tyubu iwe laini. Taulo likidondoka anatumia mwili mzima badala ya bega, mwambie apunguze. Kosa kubwa hapa ni sifa, mtu anakaza tyubu mpaka shingo inafanya kazi ya bega.

Upime hivi kila Jumatatu: kijana asimame mgongo ukutani, visigino sentimeta 10 mbele, kiuno kimegusa ukuta, apandishe mikono miwili iliyonyooka mpaka vidole gumba viguse ukuta juu. Mgongo ukiachia ukuta kabla ya gumba kugusa, bado amekaza. Mkono mmoja ukikwama chini ya mwingine, huo ndio unaoelekea kuuma, hata kama leo haulalamiki.

Halafu niulize: begi lenu ni la mchanga? Kama ni gunia la mchanga, nusu ya jibu iko hapo. Mchanga unashuka, baada ya wiki chini ni jiwe na juu ni hewa. Litoe, jaza matambara yaliyochanwa vipande vidogo, katikati weka kiroba chembamba cha maranda kupata uzito. Uzito uwe karibu nusu ya mpigaji, kwa kundi lako kilo 30 hadi 35. Begi linalobembea sana humfanya kijana asukume badala ya kupiga. Lifunge kamba chini.

Tumbo 300 sina ugomvi nazo sana, ila zote zinakunja mbele, na ngumi haitokani na kukunja. Inatokana na kiuno kuzuia na kuachia. Badilisha 200 kati ya hizo kwa ndoo: ndoo ya lita 20 imejaa, mkono mmoja, tembea mita 30 bila bega kuinama wala maji kumwagika, badili mkono. Mara 4 kila upande. Yule ambaye maji yanamwagika upande mmoja tu umeshamjua tatizo lake.

Sasa muundi. Mruhusu akuoneshe kwa kidole. Akipitisha kidole kwenye eneo refu, kama kiganja kizima upande wa ndani, ni mfupa na utando wake umelemewa. Punguza kamba na mbio ziwe nusu kwa muda wa wiki 2 na uimarishe kigimbi. Akikuonesha nukta moja ya ukubwa wa sarafu, inauma hata akirukia mguu mmoja mara 5 au usiku amelala, hiyo inaweza kuwa ufa. Huyo asimame kabisa na aende hospitali, Bugando au Sekou Toure. Na ajue kwamba picha ya eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo. Picha safi isimrudishe ulingoni nukta ikiwa bado inauma.

Kigimbi: asimame mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisigino kikining'inia, apande sekunde 1, ashuke sekunde 3, mpaka ashindwe. Chini ya 20 ni udhaifu. Tofauti ya zaidi ya 5 kati ya kulia na kushoto ni habari. Wengi wa mkono wa kulia mguu wa nyuma una kigimbi kilichochoka na mguu wa mbele una nyonga iliyokaza, maana mmoja unasukuma na mwingine unapokea siku nzima. Mguu dhaifu uanze yeye, uamue idadi, wenye nguvu ufuate idadi hiyo hiyo. Seti 3, siku moja ndiyo moja siyo, nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo ili kufikia msuli wa chini.

Kipimo cha balansi kinahitaji chaki na futi ya fundi cherehani. Mguu mmoja kwenye alama, mikono kiunoni, mguu wa pili unyooshwe mbele kadiri unavyofika, uguse sakafu kwa kidole bila kuweka uzito, urudi bila kuyumba. Pima mara 3, chukua iliyo mbali zaidi. Tofauti ya sentimeta 4 au zaidi kati ya miguu ni ya kushughulikiwa. Ilipopimwa kwa wachezaji wa mpira wa kikapu, wenye pengo hilo waliumia miguu zaidi. Dawa yake ni kazi ya mguu mmoja, pamoja na raundi 1 kati ya 4 za kivuli kupigwa kwa mguu wa pili mbele. Ya pili hii vijana wataicheka, waache wacheke. Kwenye begi wasibadili, watapinda kifundo cha mkono.

Kamba iruke sentimeta 2 au 3 tu kutoka chini, juu ya udongo mgumu au mkeka, si sakafu ya saruji.

---

Mamalishe_Igoma

Jamani na mimi niweke sufuria. Kijana wa kilo 60 anahitaji protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo, yaani 96 hadi 120 kwa siku. Sokoni inapatikana hivi: mayai 2 gramu 12, maziwa nusu lita 16, minofu ya sato iliyopikwa gramu 150 ni kama 39, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, dagaa wakavu gramu 30 ni 16 hivi, karanga kiganja kimoja 7. Hapo ni 105 na ugali hatujauhesabu. Kopo la nini?

Kosa ninaloliona kwenye sahani za wanamichezo ni kuweka nyama yote usiku. Igaweni mara 4. Na ugali wa muhogo ni nguvu tupu, protini karibu hamna, kwa hiyo ukiwa wa muhogo basi samaki aongezwe, mchuzi mtupu haumtoshi mtu wa mazoezi.

Alfajiri kabla ya mbio: ndizi mbivu moja na maji glasi moja, basi. Baada ya mbio: uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, mayai, na kiazi kitamu au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa). Matobolwa ni mazuri kuliko biskuti kwenye begi la mazoezi, hayaharibiki na yanatoa nguvu taratibu. Wakimaliza jioni ndani ya saa moja wapate mtindi glasi mbili na ndizi mbili, hata kama chakula cha usiku kipo jikoni, maana wengine watafika nyumbani saa 3. Chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage au dagaa, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Isubiri saa moja.

Maji: wapime kabla na baada ya zoezi, mizani ileile, wamejifuta jasho, wamevaa bukta tu. Kilo 1.2 zikipungua wanywe lita 1.8 ndani ya saa 2 hadi 4, kidogo kidogo, pamoja na kitu cha chumvi. Siku za jasho jingi tengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vya bapa visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, ukionja ikawa chumvi kuliko machozi, mwaga.

Na wale wanaovaa mifuko ya plastiki kukimbia mchana ili kushusha kilo, wakatazwe. Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache tu, wote wakikausha maji mwilini. Kilo zishuke kwa chakula, nusu kilo kwa wiki, na mnazo wiki 5.

---

PigoNaPumzi

Ninaongeza moja ambalo hakuna aliyeligusa, na kocha hakuliuliza: kichwa. Sparingi 3 kwa wiki, hasira za karibu na usingizi wa kukatika... mpangilio huo unafanana na uchovu, na unafanana pia na ubongo uliotikiswa. Kila baada ya sparingi muulize kijana kama kichwa kinauma, mwanga unamkera, au kuna raundi haikumbuki. Jibu la ndiyo moja tu linamtoa kwenye kupigwa kichwa mpaka daktari amruhusu. Saa 24 hadi 48 za mwanzo apumzike, kutembea anaruhusiwa, simu kidogo. Kisha hatua kwa hatua, kila hatua angalau siku moja: baiskeli au kutembea haraka, mbio laini, kivuli, begi, pedi, na sparingi mwisho kabisa. Dalili ikirudi, arudi hatua moja. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi, mboni moja ikiwa kubwa, akichanganyikiwa au akidegedega, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Aliyepigwa KO (kuangushwa akashindwa kuendelea), kanuni za ridhaa humweka nje angalau siku 30. Mara mbili ndani ya miezi 3 ni siku 90. Mara tatu ndani ya miezi 12 ni mwaka.

Vidonge vya maumivu vya diklofenaki, kama vipo, viondolewe kambini. Baada ya kupigwa kichwa vinaweza kuchochea damu kuvuja, na kwa mtu aliyekaukiwa maji vinaumiza figo na tumbo. Tena vinaficha lile bega ambalo FiziaWaNyegezi amewaambia mlipime.

---

KonaYaBuluu

Nashukuru sana wakuu. Begi ni la mchanga kweli. Nimebaki na swali moja: hawa wawili wa mwaloni. Kazi yao ni saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi, siku 4 kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi, na siku hizo mbio za alfajiri huzikimbia wakitoka kazini. Siwezi kuwaambia waache, ndiyo wanayokula.

---

PigoNaPumzi

Wasiache, ila kazi iingie kwenye hesabu. Saa 4 za kreti kwa ugumu wa 4 ni dakika 240 mara 4, yaani 960 kwa usiku mmoja. Mara nne kwa wiki 3,840. Wiki nzima ya mwenzake wameimaliza kabla hawajafunga bendeji. Hawa mbio za alfajiri wafutiwe zote, kreti ndiyo mbio yao. Jioni za Jumatatu hadi Alhamisi wapate ufundi wa dakika 40 kwa ugumu wa 3, bila pushapu, kuvuta kubaki. Sparingi yao iwe moja, Jumamosi, baada ya usiku mbili za kulala nyumbani.

Usingizi wagawe: saa 1 na nusu asubuhi wawe kitandani hadi saa 7 mchana, na kipande cha pili saa 2 usiku hadi saa 7 na nusu. Zoezi la jioni kwao lianze saa 10 badala ya saa 11 ili wawahi hicho kipande. Chumba kiwe na giza, kanga mbili dirishani zinatosha, na simu ibaki nje.

---

FiziaWaNyegezi

Na kreti wabadilishe bega kila safari. Kama wote wawili wanabebea upande mmoja na ndio upande wa bega linalouma, mleta mada utuambie, maana hapo begi la mchanga litakuwa limesingiziwa.